Msokoto wa Jumatatu

Mama yangu alikufa akiwa na moto kinywani, na hapo sisemi kwa mafumbo. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake cha kubembea, baada ya chakula cha mchana, mikono imelala mapajani, midomo imefumbwa. Tulidhani amesinzia. Moshi ulipoendelea kumtoka puani na kifua hakipandi wala hakishuki, ndipo nikajua. Somo yangu Eneida alimshika taya, mimi nikamfungua mdomo kwa vidole vyangu hivi, nikautoa msokoto wa tumbaku uliokuwa bado unawaka, kichwa cha moto kikiwa kimeelekea kooni.

Ndivyo tunavyovuta sisi wanawake wa Caño Hondo. Wanaume huvuta moto ukiwa nje, kwa maringo, ili waonekane. Sisi mikono yetu imo majini tangu asubuhi, tunafua nguo za watu ukingoni mwa mfereji, na upepo wa pale hauna adabu. Ukiugeuza msokoto, moto ukauingiza kinywani, upepo hauuzimi na majivu hayaangukii shuka nyeupe ya mtu. Mama alinifundisha nikiwa bado kigori. "Shusha ulimi, uulaze kama mkeka," aliniambia. "Fumba midomo lakini usiume. Pumua kwa pua. Usiuogope, ukiuogopa utakuunguza." Mimi niliuogopa, kwa hiyo niliungua, kidonda cheupe ubavuni mwa ulimi, nikawa nakula vitu vya baridi na kulia nikiona limau. Baadaye kaakaa likawa gumu kama kisigino, na sikuungua tena.

Kabla hajafa aliniachia wosia mmoja tu. "Dionisia, usiniache bila moto." Kwetu Jumatatu ni siku ya marehemu. Wengine huwawashia wafu wao mishumaa. Mimi kila Jumatatu, jua likiwa utosini na kijiji kizima kimelala, niliwasha msokoto, nikaugeuza kinywani mpaka ushike vizuri, maana Mama hakujua kuvuta kwa namna nyingine, kisha nikauweka ukingoni mwa hori la mbao la kufulia, karibu na kiti chake. Uliwaka peke yake mpaka ukaisha. Majivu yakibaki yamenyooka bila kuvunjika, nilijua ameridhika. Nami nilivuta wangu pale pembeni. Hatukusema kitu, lakini ilikuwa saa yetu, na miaka yote hiyo sikuwahi kujihisi yatima.

Halafu binti yangu akapiga simu.

Yuranis ni mwanangu wa pekee. Alikuwa akiishi Cartagena na mumewe Edulfo, wakajaliwa mtoto wa kike, Danelis, aliyezaliwa kabla ya siku zake na kifua kibovu. Edulfo akapata kazi melini, na Yuranis hakutaka kubaki peke yake na mtoto mgonjwa. Alikuwa na pa kwenda pawili: kwangu, au Barranquilla kwa mama mkwe wake, Bi Marbel, mwanamke wa marashi na kiyoyozi.

"Nataka kuja kwako, Mama," alisema. "Lakini daktari kasema mtoto asikae penye moshi. Si moshi tu, hata harufu iliyoganda kwenye nguo. Inabidi uache."

"Nitavutia uani."

"Mama."

"Nitavutia mferejini, huko mbali."

"Mama, nimesema uache. Sijasema upunguze, sijasema ujifiche. Ukishindwa niambie sasa hivi, niende zangu kwa Bi Marbel."

"Huyo anayekula muhogo kwa uma?"

"Huyo huyo. Na usinichekeshe. Kifua cha mwanangu kwanza." Nikamsikia akimbembeleza mtoto. "Tutambatiza sikukuu ya Bikira wa Candelaria, ile ya mishumaa. Nataka umbebe wewe. Ila nikikuta unanuka tumbaku, atambeba Bi Marbel, na nitaondoka naye."

Kwetu mama wa mama ndiye anayembeba mtoto toka nyumbani mpaka kanisani. Ningembeba mtoto wa nani mimi, zaidi ya wa huyo Yuranis mmoja? Nilikusanya misokoto yote, ya mkebeni, ya mfukoni mwa aproni, na ile niliyokuwa nimechomeka kwenye makuti ya jiko, nikampelekea Eneida. Hata wa Jumatatu nilimpa. Kisha nikaenda kusimama mbele ya kile kiti. "Mama," nilisema, "nielewe. Ni kwa ajili ya mtoto."

Watu husema kuacha ni kuamua. Waongo wakubwa. Kuamua niliamua simu ikiwa bado sikioni. Kilichofuata ni mwili wangu kunigeuka. Niliamka mikono ikitetemeka na jasho la baridi mgongoni. Tumbo lilifunga. Usingizi ulihama. Kikohozi nilichotegemea kiondoke na moshi ndiyo kwanza kikaanza, kizito, cha kukwangua, na asubuhi moja nilipojisikia nikikohoa niligeuka kuangalia nyuma yangu, kwa sababu kilikuwa kikohozi cha Mama. Kila nilipomaliza kula, kahawa ikiwa mkononi, ulimi ulijishusha wenyewe, ukajilaza kama mkeka, ukingoja moto ambao hauji. Nikawa nakaa hivyo, mdomo umefumbwa juu ya hewa tupu, machozi yananilengalenga kama mjinga.

Na kaakaa likaanza kubambuka. Ngozi ile ngumu ilitoka vipande vipande, na chini yake kulikuwa na nyama mpya, laini. Chumvi ikaniuma. Kahawa ikanichoma. Mimi niliyezoea kunywa kahawa ikichemka nikawa naipuliza kama mgeni aliyetoka mjini.

Huko mferejini hawakunionea huruma.

"Somo, unatafuna nini tena leo?" Eneida aliniuliza. Alisema moto ukiwa kinywani, maneno yakimtokea puani.

"Karafuu."

"Jana kijiti, juzi sukari guru, leo karafuu. Kesho tutakukuta umemaliza sabuni."

"Geuza uso wako huko, moshi unanijia."

"Moshi upi? Wote ninao mimi humu ndani."

"Basi fumba huo mdomo ukae nao."

"Jamani, mmemsikia? Tangu aache tumbaku ameanza kung'ata watu!" Wanawake wakacheka mpaka mapovu yakaruka. Mimi sikucheka. Nililikamua shati la watu mpaka kifungo kikakatika.

Baadaye tukiwa wawili tunaanika, akanisogelea. "Na Mama Agripina je? Jumatatu ulimpa nini?"

"Nilimwashia mshumaa."

Eneida aliutoa msokoto kinywani, jambo ambalo hufanya kwa mambo mazito tu. "Somo," alisema taratibu, "mama yako hakuwahi kuvuta mshumaa."

Alijua analosema. Jumatatu ile mshumaa wenyewe ulizimika, nikauwasha, ukazimika tena, na uani hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilikwenda kujilaza na moyo mzito. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia kwa joto, mbwa wamelala kama mizoga. Nikasikia kiti. Kiti cha Mama kina sauti yake: kinalia kikienda nyuma, kinanyamaza kikirudi mbele. Kililia, kikanyamaza, kikalia. Nilipotoka kilikuwa kimetulia. Lakini mto wake ulikuwa umebonyea katikati, na shuka nilizozifua asubuhi kwa mikono yangu zilinuka tumbaku. Haikuwa yangu. Ilikuwa ile nyeusi ya Mama, aliyokuwa akiinyunyizia maji ya sukari guru kabla ya kuisokota. Tangu azikwe hakuna aliyeisokota hivyo Caño Hondo nzima.

Nilizifua upya. Niliogopa, sitaki kudanganya. Wakati huohuo, na hili ndilo lililonitisha zaidi, nilizikandamiza zile shuka puani kabla ya kuziloweka, nikavuta harufu ile mpaka ndani kabisa.

Yuranis alifika na mtoto kifuani na begi mgongoni. Kabla ya kunisalimia alininusa. Alianza shingoni, akaja kwenye nywele, akamaliza na vidole, kimoja kimoja, kama mbwa wa forodhani.

"Shikamoo yangu iko wapi?" nilimuuliza.

"Bado unanuka kidogo, Mama."

"Nimepaka kuta chokaa. Nimechoma godoro. Kichwa nimeosha kwa limau mpaka nywele zinanidondoka."

"Najua. Naona." Macho yake yalijaa maji, akayafuta haraka. "Lakini bado. Tusubiri itoke yote. Usimshike kwanza."

Basi nikakaa nyumba moja na mjukuu wangu bila kumgusa. Danelis alikuwa katika umri ule wa kupeleka kila kitu mdomoni: ngumi yake, nywele za mama yake, ncha ya shuka. Vinywa vya watu wengine alivitaka vilevile. Ukimkaribia uso anakuingiza vidole puani, mdomoni, popote penye tundu. Alikuwa na macho makubwa, na kifua kilicholia kama paka aliyefungiwa kabatini. Mara ya kwanza aliponiona alinyoosha mikono nimchukue. Nikarudi nyuma. Hakuna tumbaku iliyowahi kunichoma vile.

Nilimwimbia kutoka mlangoni mwa jiko. Alinisikiliza kwa makini, mate yakimtiririka, kisha akacheka. Nilisema moyoni, mwili na unigeuke unavyotaka, mimi siirudii tumbaku.

Jumatatu iliyofuata nilikuta majivu ukingoni mwa hori.

Majivu mapya, ya joto. Yamenyooka kama kidole, hayajavunjika. Nilitupa macho huku na huku, nikayafagia kwa kiganja na kuyatia majini. Yuranis alikuwa chumbani, amelala na mtoto, mgongo umeelekea mlangoni. Kama angeyaona, nani angemwamini Dionisia, mvutaji wa miaka yote hiyo? Nilijinusa vidole. Nilikwenda kwenye kioo, nikapanua mdomo, nikachungulia kaakaa. Lilikuwa jekundu, laini, halina alama. Lakini je, mimi mwenyewe nilikuwa na uhakika gani? Nilikuwa nimelala mchana ule. Usingizi wa siku zile ulikuwa mchache, na ukija ulinifunika kama blanketi lenye maji. Nilianza kujiogopa. Labda nilikuwa nainuka nikiwa usingizini, mwili unajiendea wenyewe kwenye saa yake.

Kwa hiyo Jumatatu nyingine nilijifunga. Nilichukua kamba ya kuanikia, nikafunga kifundo cha mguu kwenye mguu wa kitanda, fundo ambalo hata macho yakiwa wazi hunichukua muda kulifungua. Nikalala. Niliamshwa na kiti, kikilia, kikinyamaza. Kamba ilikuwa pale pale, fundo halijaguswa. Nilihangaika nalo kwa kucha na meno mpaka likaachia, nikatoka peku.

Kiti kilikuwa kimya. Msokoto ulikuwa umelala ukingoni mwa hori, mahali pake pa siku zote, umefika nusu. Unawaka.

Sikuwa mimi, basi. Alikuwa yeye. Nilikuwa nimemnyima, naye akachoka kunyimwa, sasa anajiwashia. Moshi wake ulikuja moja kwa moja usoni kwangu, na ulimi wangu ukashuka, wenyewe, bila kuniuliza. Nikauokota. Nilisema nauokota niuzime, lakini mkono ulikuwa tayari umeugeuza, moto kwangu. Niliuhisi ujoto wake kwenye midomo. Nilitaka, jamani. Nilitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume.

Chumbani Danelis akakohoa.

Nikauangusha kwenye hori. Ulilia *sss*, ukazama.

Jioni ile mtoto alibanwa vibaya. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, kucha zimekuwa za kibuluu. Yuranis alimpulizia dawa yake, akatembea naye huku na huku, akimpigapiga mgongoni, na mimi nimesimama mlangoni mikono mitupu, siruhusiwi hata kumpangusa jasho. Mtoto alipotulia, Yuranis akasema bila kuniangalia, "Jumatatu ndiyo huwa mbaya zaidi. Umeona?"

"Nimeona," nilisema.

"Labda hewa ya hapa haimfai. Labda niende tu Barranquilla."

"Subiri ubatizo. Nakuomba, mwanangu."

Alikuwa anaangalia kiti kule uani. Nilijiuliza inakuwaje binti mwenye pua ile, aliyeninusa kidole kwa kidole, hajasema neno hata moja kuhusu moshi wa mchana. Lakini mimi nilikuwa na langu la kuficha, na mwenye la kuficha haulizi maswali.

Kesho yake nilipika ili nimbembeleze. Supu ya samaki wa mferejini na muhogo, wali wa nazi pembeni, limau nyingi, vile anavyopenda tangu utotoni. Huyu ni mtu aliyekuwa akipigana na jiko, anakunywa supu ikiwa bado inatokota. Nikamwekea bakuli. Akakaa akiikoroga. Akaikoroga tena. Akaingiza kijiko, akakamulia tone la limau, akatia mdomoni, na uso wote ukajikunja.

"Imekuwaje?"

"Ya moto tu."

"Tangu lini wewe ukaogopa ya moto?"

"Nitaila ikipoa, Mama, kwani kuna sheria?"

Nilikaa nikimtazama akisukuma muhogo kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa kulia.

"Fungua mdomo."

"Mama, mimi ni mtoto?"

"Yuranis. Fungua mdomo."

Aliufungua. Ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, kulikuwa na kidonda cheupe chenye ukingo mwekundu. Nilikijua kidonda kile kama ninavyojua jina langu. Na Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili: "Ulimi hushushwa! Nani alikuambia uingize moto bila kushusha ulimi?"

Akaangua kilio.

"Bibi alikuja," alisema. "Siku ileile tuliyofika. Mchana, wewe umelala. Nafungua macho, amesimama juu ya kitanda cha Danelis. Mdomo ameufumba hivi. Namuuliza, Bibi, unataka nini? Hajibu. Anamwangalia mtoto tu, na mtoto anaanza kukohoa. Nikajua anataka moto wake. Nikajua umemnyima kwa sababu yangu. Sasa ningekuambiaje uwashe, wakati ni mimi niliyekukataza? Nikaenda kwa Mama Eneida."

"Eneida!"

"Nilimwambia ni wa Bibi. Alinipa bila swali. Aliniambia tu niutie mdomoni kwanza ushike, moto ndani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe."

"Na ukishauwasha?"

"Anaondoka. Naapa, Mama, anaondoka."

"Na wewe unafanya nini?"

"Narudi kwa Danelis. Nambeba, namlaza hapa kifuani, namwambia ameshakwenda, usiogope."

Nililiangalia gauni lake tu. Naye akaliangalia. Akaishika kola, akaivuta mpaka puani, akanusa. Nilimwona akikumbuka Jumatatu moja baada ya nyingine. Mtoto anakohoa, yeye anawasha ili mtoto aache kukohoa, kisha anamkumbatia na moshi wote ule. Uso ulimporomoka. Alivua gauni palepale jikoni, akalirusha uani kama nyoka, akabaki na shimizi.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namziba pumzi mwanangu."

"Hapana," nilisema. "Kaa chini." Nilikuwa na hasira, lakini si naye. "Na kiti je? Ulikuwa unakikalia ukivuta?"

"Kiti cha Bibi?" Alinitolea macho. "Hicho sijawahi hata kukigusa."

Alikuwa amebakiza misokoto mitatu, ameificha kwenye pakiti ya nepi. Niliichukua, nikachukua na kiberiti cha jikoni, nikajifunga kitambaa kichwani. Nilipita mbele ya Eneida bila kumsalimia. Alinifuata hatua kadhaa akiita, "Somo! Somo, nisikilize, nilidhani ni jambo la heri!" Nikamwambia nitamtukana kesho, leo kuna aliyemtangulia kwenye foleni.

Makaburini kulikuwa kweupe kwa jua, hakuna kivuli hata cha kuchutama. Kaburi la Mama nalipaka chokaa mwenyewe. Nilisimama miguuni pake.

"Nimekuja kugombana," nilimwambia. "Sijakuletea maua. Mama, umekaa kwangu miaka yote hii nikikuvutia, na sijawahi kulalamika. Nilikupenda hivyo. Wakati mwingine nilivuta bila hamu, nikiwa na homa, nikiumwa jino, ili wewe tu usikae bila moto. Mimi ulinipata nikiwa kigori, sawa. Lakini umeenda kwa Yuranis. Umeenda kumsimamia mtoto mchanga kitandani, mtoto asiye na pumzi ya kumtosha yeye mwenyewe! Hivi huoni haya? Ulinifundisha kuubeba moto. Kuutua hukunifundisha, nimejifunza peke yangu, na nimeumia, na ninaumia hivi ninavyosema. Nilikufungua mdomo kwa vidole hivi nikautoa moto wako. Nilidhani nimeuzima. Kumbe nilikuwa nimeuhamishia kwangu. Sasa basi. Mwanangu hutampata. Mjukuu wangu hutampata."

Niliipanga misokoto mitatu juu ya chokaa, nikaweka kiberiti pembeni.

"Mikono unayo," nilisema. "Washa mwenyewe."

Nikaondoka bila kugeuka. Nyuma yangu, ninaapa kwa lolote, nilisikia njiti ikikwaruza kwenye ubavu wa kiberiti. Sikugeuka. Nilitembea mpaka kwenye daraja, nikaketi chini barabarani, nikalia mpaka wapita njia wakaniuliza nani amefariki. Niliwaambia mama yangu. Wakaniangalia kwa mshangao, kwa sababu wote walikuwa wamekula wali wa msiba wake zamani. Lakini mimi nilifiwa siku ile.

Jumatatu iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Niliketi uani saa zote za joto, naye Yuranis akaja na kukaa karibu nami, tukiangalia kiti. Hakikulia. Nilivuta hewa kwa pua, nikatafuta ile harufu nyeusi, tamu, kwenye shuka, kwenye mto, kwenye mbao za hori. Ilikuwa harufu ya sabuni. Danelis alikuwa amelala ndani, na kifua chake hakikusikika toka pale tulipokaa.

Siku ya Candelaria Bi Marbel alifika na gari, amevaa nyeupe tupu, mikono tayari mbele. Yuranis alisimama mlangoni na mtoto. Alinijia, akaninusa shingoni, nywele, vidole. Alichukua muda. Kisha akanisogezea uso mpaka mdomoni, kama anavyofanya mtu anayemsikiliza mgonjwa kama bado anapumua.

"Unanuka nini, Mama?" alisema. "Hunuki kitu."

Akaniweka mtoto mikononi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na wa joto. Njia nzima mpaka kanisani watu walibeba mishumaa, na sikutazama hata mmoja. Nilimtazama yeye. Alikuwa akinichunguza uso kwa ukaribu ule aliokuwa akinyimwa. Kwenye hatua za kanisa alinyoosha mkono, akanipapasa mdomo, akapata upenyo, akaingiza kidole chake chote mpaka kikagusa kaakaa, pale pale moto ulipokuwa ukikaa.

"Mtoe kidole, Bi Dionisia," Bi Marbel aliniambia, "padri anakusubiri umsalimie."

Kidole nilikiacha mlemle. Nilishusha ulimi, nikaulaza kama mkeka. Nilifumba midomo bila kuuma, nikapumua kwa pua, nikaingia naye ndani.